Mama Kufuli Ameliachia Fundo

Baada ya miaka kumi na tisa ya kuhariri makutano ya barabara katika ramani yetu ya jamii, mwenzetu tunayemwita Mama Kufuli anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Tarehe hiyo imesogezwa mara kadhaa, na kila mara aliyeisogeza ni yeye mwenyewe. Safari hii keki imeshaagizwa, hana pa kukimbilia.

Kwa wageni wetu: ramani hii ndiyo inayowaambia madereva kwenye simu zao wapinde wapi, na huchorwa na watu wa kawaida wanaojitolea. Barabara iliyonyooka hata mimi naichora. Kasheshe ni makutano, maana kila njia lazima ielezwe inaruhusiwa kuingia wapi na isiingie wapi. Mama Kufuli alianza kwa kujitolea, kisha akaajiriwa kusimamia makutano magumu na kupewa meza ya dirishani, katika ofisi yetu juu ya duka la matairi. Meza hiyo hatukuthubutu kuikalia hata siku alizougua.

Jina lake lilitokana na Fundo, yale makutano ya barabara tano karibu na hospitali, yenye mzunguko chini na daraja juu. Mwaka wake wa kwanza kazini aliliunganisha daraja na barabara inayopita chini yake. Nukta moja tu, na kwenye skrini ilipendeza kweli. Kesho yake mumewe, dereva wa gari la mkate, alifika katikati ya daraja, simu ikamwamuru apinde kulia. Dereva mwingine angecheka na kuendelea. Yeye, kwa kuwa ramani ni ya mke wake, alisimama. Magari yakajazana nyuma yakipiga honi, naye akampigia mkewe kumuuliza kwa upole kama apinde sasa hivi au asubiri wajenge kwanza.

Ndani ya foleni ile kulikuwa na ambulensi. Mgonjwa alifika salama, lakini hicho ndicho kisa pekee ambacho Mama Kufuli hukisimulia bila kutabasamu.

Siku hiyohiyo akalifunga Fundo kwa kufuli ndani ya ramani, lisihaririwe na mtu yeyote ila yeye. Akaanzisha pia utaratibu usiomo katika mwongozo wowote: badiliko la makutano magumu halitoki mpaka gari la mkate lipite pale likifuata maelekezo. Mikate ikifika ofisini imebondeka, tulijua ramani imechelewa kusema na breki zimekanyagwa ghafla. Mikate hiyo tuliila sisi. Ofisi nzima imenenepa kwa makosa ya kuchora.

Mwezi uliopita mafundi walifungua njia mpya ya kuingilia hospitali, hapohapo Fundo. Tulimwomba afungue kufuli tuichore, akasema bado hatujaiva. Basi tukachora nakala yetu kimyakimya, tukaiweka kwenye simu ya mumewe na kumsihi ampitishe mkewe pale wakirudi nyumbani. Mzee alikubali haraka, akasema pale Fundo ameshazoea kupigiwa kelele.

Mama alikaa mikono kifuani, macho kwenye simu, akiisubiri ikosee. Haikukosea. Akaagiza warudi waingie kwa barabara nyingine, kisha nyingine, mpaka zote tano zikaisha. Hakuna mkate uliobondeka. Asubuhi alikuja ofisini akaondoa kufuli mbele yetu, halafu akavuta kiti chake na kumwambia mmoja wetu akae.

Tulidhani yameisha. Jioni ukaingia ujumbe wa mtumiaji mpya, aliyejiandikisha kama Mama Mkate, akilalamika kwamba kivuko cha watembea kwa miguu pale Fundo tumekichora mahali pasipo pake. Tukakimbia kwenda kutazama. Kipo palepale tulipokichora. Tukamjibu hivyo, kwa adabu zote, roho mkononi. Jibu lake lilikuwa neno moja: mmefaulu.

Asante, mama yetu. Tumekugombeza kimoyomoyo miaka yote hii, na tutakukumbuka kuliko tunavyoweza kuandika hapa. Tunakutakia siku nyingi njema zisizo na honi. Lala usingizi. Ambulensi zinapita.