Mwalimu Rudia na Darasa la Mtu Mmoja

Ndugu na majirani, huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa seremala na mkunga. Alimaliza sekondari mwaka 1979, na chuo cha ualimu mwaka 1981. Miaka arobaini alifundisha hisabati katika shule moja tu ya msingi. Watoto walimwita Mwalimu Rudia: akimaliza hesabu aliuliza, "Mmeelewa?" na akiona uso mmoja umekunjamana, alifuta ubao akaanza upya.

Mwaka 1987 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyemshonea suruali yake ya kwanza ya kazi. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mkewe alimtangulia mwaka 2016, na mdogo wake wa kike akahamia kwake kumtunza.

Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa, aliambiwa afundishe kwa simu. Akaifunga simu kwa kamba kwenye mgongo wa kiti, akasimama sebuleni na ubao wake. Siku ya tatu alikaa chini.

"Nafundisha ukuta," alisema. "Sioni hata uso mmoja. Naacha kazi." Barua alishaiandika, iko mezani chini ya kikombe.

Mdogo wake aliishia darasa la saba, na hesabu za sehemu zilimshinda tangu utoto. Akavuta kigoda, akaketi nyuma ya simu.

"Nifundishe mimi, kaka. Watoto watasikiliza humohumo."

"Wewe? Na kichwa hicho kigumu?"

"Ndiyo maana. Hutakosa kazi."

Akacheka, akashika chaki. Baadaye akauliza, "Umeelewa?"

"Bado, mwalimu."

Akaanza upya, sauti imepanda, mikono imechangamka. Ikawa hivyo kila asubuhi. Siku nyingi mdogo wake alikuwa ameelewa. Alisema bado ili kaka asikae chini tena. Mungu amsamehe uongo huo. Ile barua ilitumika kuwashia jiko, na marehemu akafundisha mpaka alipostaafu mwaka 2021.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka huu wa 2024. Alhamisi, tarehe 6 Juni, akiwa wodini, alimwagiza mdogo wake habari za funguo, za wajukuu, na nyimbo za kuimbwa leo. Akamaliza, "Umeelewa?"

"Bado, mwalimu."

Alitabasamu, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza upya. Hakuanza. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, mdogo wake, na wanafunzi wasiohesabika.

Pumzika kwa amani, mwalimu. Tumeelewa.