Navalayo Aliyevua Kitambaa Mahakamani

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Aliye jikoni apunguze moto, aliye mlangoni aingie. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Shianda, Selpher Navalayo, aliyezikwa Ijumaa iliyopita. Hakuwa wakili. Hakusoma hata darasa moja. Lakini huku kwetu, mtu akishtakiwa, aliulizwa kwanza, "Umeshamwona Navalayo?"

Alizaliwa Khwisero, akaolewa Shianda na Masinde, fundi wa baiskeli. Wakapata watoto wawili. Mwaka wa 1964, bendera yetu mpya haijamaliza hata mwaka mmoja, Masinde akaugua kifua, akafa. Alizikwa Ijumaa, tarehe saba Agosti. Jumatatu, tarehe kumi, wafiwa wakanyolewa nywele, kama ilivyo desturi. Ishikeni siku hiyo, wasikilizaji. Jumatatu, tarehe kumi.

Alhamisi askari wa chifu wakaja kumkamata mjane. Shemeji yake, Sylvanus, alikuwa ameshtaki kwamba Navalayo ameingia ghalani kwake na kuiba mahindi. Yaani machozi hayajakauka! Sipendi kumsema marehemu, na Sylvanus ni marehemu sasa, lakini ukweli nitausema. Alilitaka shamba la ndugu yake. Navalayo akiitwa mwizi angefungwa, na akitoka angerudi kwao Khwisero na watoto wake, mikono mitupu.

Siku ya kwanza kizimbani, karani akasoma mashtaka mbio mbio, kama mtu anayekimbia mvua. Hakimu akauliza, "Unakubali au unakataa?"

Navalayo akasema, "Nisomee tena."

Karani akasoma tena, mbio zile zile.

"Nisomee tena, polepole. Mimi sijui kusoma, lakini najua kushika."

Hakimu akakunja uso. Akamwonya kwamba hapa si sokoni, na akizidi atalala ndani. Navalayo akabaki amesimama, anangoja. Karani akamtazama hakimu, hakimu akamwitikia kwa kichwa, yakasomwa mara ya tatu. Ndipo mama akayashika yote: Jumatano, tarehe kumi na mbili Agosti, asubuhi, ghalani kwa Sylvanus, madebe mawili ya mahindi. Akasema, "Nakataa." Kesi ikapangwa kusikizwa tarehe ishirini na tano.

Erastus, liguru, yaani mzee wa kijiji, ndiye aliyemdhamini. Na Erastus huyo huyo, siku mbili kabla ya kesi, akaja nyumbani. "Mama Roda, kubali tu. Toa kuku, tule pamoja na Sylvanus, haya maneno yaishe."

Hakumtakia mabaya. Mbele ya wazee ilikuwanga hivyo. Unakubali hata usilolifanya, mnakula, ugomvi unakwisha. Lakini hii haikuwa tena kesi ya wazee. Ni wangapi waliobeba desturi hiyo hadi mbele ya hakimu, wakakubali ili kuwe na amani, wakajikuta jela? Nikiwafikiria hao, hasira hunipanda hadi leo.

Roda, binti yake, alikuwa na miaka tisa. Ananiambia, "Mama alimshika kuku, akamfunga miguu. Akakaa naye mapajani mpaka chai ikapoa. Halafu akamfungua, akamwachilia nje."

Siku ya kesi ikafika. Sylvanus akatoa ushahidi wake, akaketi, kofia magotini. Akafuata Joash, kibarua wake. Joash alikuwa ameanza kazi pale Jumanne, waombolezaji wameshatawanyika. Hakuwahi kumwona Navalayo bila kitambaa kichwani. Akasema alimwona akitoka ghalani na mahindi. Angeishia hapo, sijui leo tungekuwa tunasema nini. Lakini alinogewa.

"Nikamshika nywele," akasema. "Nywele nyingi. Akachomoka, nyingine zikabaki mkononi mwangu."

Hakimu akamwuliza Navalayo kama ana swali. "Nikajua tumekwisha," Roda anasema.

"Joash, ilikuwa siku gani?"

"Jumatano."

"Jumatano hiyo, ulishika nywele zangu?"

"Nilishika. Kwa mkono huu."

Wasikilizaji, mjane wa siku zile kuvua kitambaa mbele ya wanaume ilikuwa aibu kubwa. Navalayo akavua. Kichwa kilikuwa na vinywele vilivyoanza tu kuchipuka. Watu wakaguna. Hakimu akawanyamazisha, akamwuliza Navalayo, "Nitajuaje kwamba hukunyoa juzi?"

Hapo hata karani aliacha kuandika. Navalayo akageuka polepole.

"Mheshimiwa, sisi wafiwa tunanyolewanga pamoja. Mimi na shemeji tulinyolewa kwa beseni moja, Jumatatu, kabla ya hiyo Jumatano. Mwangalie kichwa."

Hakimu akawasimamisha karibu karibu. Vichwa viwili, nywele za urefu mmoja.

"Sylvanus, ulinyolewa lini?"

Sylvanus akaigeuza kofia mikononi. Hakimu akauliza tena.

"Jumatatu," akajibu.

"Pamoja na huyu?"

"Pamoja."

Kesi ikatupwa. Navalayo akafunga kitambaa chake, akamshika Roda mkono, wakarudi Shianda kwa miguu. Shamba lile Roda analilima mpaka leo.

Toka hapo, kwa zaidi ya miaka arobaini, siku za kesi ungemkuta mama huyu kwenye benchi nje ya mahakama. Anakuuliza, "Wamesema ulifanya nini? Siku gani? Wapi?" Ukibabaika, anakurudisha ndani. "Waambie wakusomee tena." Na kama kweli ulikosa, hakukubembeleza. "Ulifanya? Basi sema ulifanya. Mimi si wa kukuficha."

Roda alikuja hapa studio jana, kitambaa kichwani. Mama yake alimsomesha hadi akawa mwalimu. Nikamwuliza kuhusu siku ya mwisho. Akasema, "Nilikuwa namsomea Zaburi. Akaniambia, nisomee tena. Nikasoma. Akasema, nisomee tena, polepole. Nikasoma polepole. Nilipomaliza mara ya tatu, alikuwa ameshakwenda."

Roda, ndugu yako, wajukuu, na watu wote wa Shianda na Khwisero, poleni sana. Tumelia pamoja nanyi, na mimi sioni haya kusema hivyo.

Na wewe unayenisikiliza, uliye na karatasi ya mahakama chini ya godoro, na umeogopa hata kuikunjua, ifikirie jioni hii. Kesho itoe, umpelekee mtu akusomee. Usipoelewa, usikubali, usikatae. Mwambie akusomee tena.