Mbwa Aliyekula Mafuta ya Midomo

Kwenye gari la abiria aina ya Noah la kutoka Mingoyo kwenda Lindi nilikaa katikati ya Tahera, muuza vipodozi, na mama mmoja mkulima aliyempakata mbwa wake. Mbwa alikuwa amekula mafuta ya midomo pamoja na kikopo chake cha plastiki.

"Ndiye anayefukuza nguruwe shambani kwangu!" mama alilia. "Nimnyweshe maziwa atapike?"

Tahera, aliyejibana dirishani kumkwepa mbwa, akapaza sauti: "Usithubutu, mama! Mafuta pengine yatamharisha tu, lakini plastiki itaziba utumbo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo!"

Walibishana mpaka stendi. Gari liliposimama tukashuka, na mbwa akatapika kifuniko cha kile kikopo juu ya viatu vya Tahera.

"Amepona!" mama akashangilia.

Tahera hakuvitazama hata viatu. "Na kikopo kiko wapi?"