Silvano Likwati wa Mlabani na Mfanyakazi Aliyemkana

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu, majirani na wote mlioacha mashamba yenu katika wiki hizi za palizi mkaja Mlabani kulia pamoja nasi, naitwa Steven Apolinari Likwati, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo ningefurahi apewe mtu mwingine, lakini yeye mwenyewe alinitaja kwa jina kabla hajafariki, kwa sababu mtakayoisikia.

Silvano Apolinari Likwati alizaliwa tarehe 14 Agosti 1944 katika kijiji cha Kisawasawa, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa mzee Apolinari Likwati na mama Valeria, ambao wote wawili ni marehemu, na kati ya watoto hao sita leo nimebaki mimi peke yangu.

Mwaka 1953 alianza shule ya misheni hapo kijijini, akasoma hadi darasa la nne, na kwa kuwa baba alikuwa mgonjwa na hakukuwa na mtu mwingine wa kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, hakuendelea, lakini mwaka 1960 mafundi wa misheni walimchukua hapa Ifakara kujifunza useremala, akahitimu mwaka 1963, na wale waliosoma naye wanasema alikuwa anaunga mbao mbili hata ukipitisha kucha usijue zilipokutana.

Mwaka 1964 aliajiriwa kuwa seremala katika shirika moja la umma hapa bondeni, akafanya kazi humo miaka ishirini na sita bila kupewa barua ya onyo hata moja, hadi tarehe 30 Juni 1990 shirika lilipopunguza wafanyakazi naye akawa miongoni mwao, na kwa kiinua mgongo chake alinunua kiwanja hapa Mlabani pamoja na msumeno wa duara wa umeme, akafungua karakana yake mwezi Machi 1991.

Tarehe 5 Oktoba 1968 alifunga ndoa takatifu na Natalia, ambaye yupo hapa mbele yetu, na Mungu aliwajalia watoto watano, yaani Paskazia, Stanislaus, Verediana, Happyness, na Agnella aliyefariki kwa surua mwaka 1983 akiwa na miaka mitatu, na wajukuu saba, na wote mnajua kwamba nyumba yao haikuwa na kelele, kwa kuwa marehemu alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyapima kama alivyopima ubao.

Sasa nafika mahali ambapo kwa kawaida msomaji angepita haraka. Karakana ilianza na mafundi wawili, na kufikia mwaka 1994 walikuwa tisa, tukitengeneza milango, vitanda na madawati, na mimi, nikiwa nimepoteza kazi yangu ya ukarani, marehemu alinichukua niwe karani wake, na hapo ndipo kosa langu linapoanzia, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye niliyepaswa kumwambia kwamba mtu anayeamkia kazini kwako kila siku kwa miaka ni mwajiriwa wako hata kama unamlipa kwa wiki, kwamba anastahili barua, anastahili kuandikishwa kwenye mfuko wa akiba ya wafanyakazi, na akiumia kazini anastahili fidia, lakini sisi wenye karakana ndogo tulidhani sheria za kazi zimetungwa kwa ajili ya viwanda vya Dar es Salaam, na wale mafundi tisa tuliwaita vibarua, neno ambalo lilitupunguzia kazi nyingi.

Mmoja wao alikuwa Wendelin, mwenyeji wa Sanje, mume wa Evelina, mtu mzima wa miaka thelathini na minne wakati ule, fundi ambaye marehemu alimpenda kuliko wote, ingawa hakuwahi kumwambia, na siku ya Alhamisi tarehe 17 Novemba 1994, tukiwa tunakimbizana na madawati ya shule ambayo tuliahidi kuyapeleka Jumamosi, ubao ulirushwa na msumeno, mkono wa kulia wa Wendelin ukavutwa, akapoteza vidole vinne, akabaki na gumba. Msumeno ule ulikuja na kinga yake ya chuma, na kinga hiyo ilikuwa ukutani, imetundikwa kwenye msumari, kwa kuwa ilichelewesha kazi, na aliyeifungua na kuitundika ni marehemu mwenyewe.

Alimbeba mwenyewe hadi hospitali, akashinda huko siku mbili, na kama mambo yangeachwa mikononi mwake nadhani yangekwenda vizuri, lakini jioni ya siku ya tatu mimi nilimkalisha nikamwambia, "Kaka, mtu huyu hana karatasi yoyote kwetu, na tukikubali kwamba ni mfanyakazi, wataanza kuuliza habari za wale wengine wanane, karakana itafungwa na watoto wako watakula nini," naye akaniuliza, "Kwa hiyo tuseme alikuwa nani?" nami nikamjibu, "Tuseme alipita kuomba mabaki ya mbao, akashika mashine bila ruhusa."

Niliandika maelezo hayo kwa mkono wangu, marehemu akatia saini, na mafundi saba wakatia saini kama mashahidi, si kwa kuwa walikuwa waongo bali kwa kuwa walikuwa na familia, ila mmoja, Severini, alirudisha kalamu mezani akasema, "Mimi niliona kilichotokea," akachukua randa yake na patasi zake akaondoka, na hakurudi tena.

Afisa Kazi alifika kutoka Morogoro kuchunguza ajali ile tarehe 24 Januari 1995, akaketi ofisini kwetu na karatasi yangu mbele yake, marehemu upande mmoja, Wendelin upande mwingine na mkono wake umefungwa bandeji, akamwuliza marehemu, "Mzee Likwati, huyu bwana alikuwa mfanyakazi wako?" na marehemu, akiangalia meza, akajibu, "Hapana," na Wendelin akasema kwa sauti ya kawaida, "Bwana Afisa, kama mzee amesema hivyo, mimi sina karatasi ya kumbishia," akainuka, akatuaga sote kwa heshima, na shauri likaishia hapo.

Karakana haikufungwa. Tulipata kazi nyingi zaidi mwaka huo kuliko miaka yote, lakini marehemu aliacha kula chakula cha mchana na mafundi kama alivyozoea, aliirudisha ile kinga kwenye msumeno kwa mkono wake, na shemeji Natalia atakumbuka kwamba miezi ile aliacha kukomunika, anakaa benchi la nyuma kanisani, watu wakipanda kupokea yeye anabaki amekaa, na akiulizwa anasema miguu inamuuma.

Mwezi Juni 1996 alipeleka milango mbali zaidi ya Mang'ula, na wakati wa kurudi gari liliharibika Sanje, akashuka kutafuta maji ya rejeta, akapita kando ya shamba moja, akamwona mtu analima akiwa amefunga mpini wa jembe kwenye kiganja kwa mpira wa baiskeli, na mtu yule alipoinua uso alikuwa Wendelin, akamwamkia, "Shikamoo, mzee." Marehemu aliniambia baadaye kwamba alifungua kinywa kuitikia marahaba na neno halikutoka, akasimama pale kwenye tuta, mpaka Wendelin akaona haya kwa niaba yake, akamwonyesha kisima kilipo, akaendelea kulima.

Alirudi akaniita, akasema, "Steven, kesho napanda basi kwenda Morogoro," na nilipojua anachokwenda kufanya nilimsihi, nikamwambia, "Kaka, watakufunga, tumesaini uongo mbele ya serikali," akanijibu, "Wakinifunga, wewe utabaki na funguo," na asubuhi akaondoka peke yake, akamkuta Afisa Kazi yule yule, akamweleza yote kuanzia kinga hadi karatasi, na kwa maelezo yake mwenyewe Afisa aliweka kalamu chini akamwuliza, "Mzee, unafahamu kwamba unajishtaki?" naye akasema, "Nafahamu, andika."

Nami niseme hapa, kwa kuwa hakuna mwingine atakayelisema, kwamba alipoulizwa nani aliandika karatasi ile alijibu kwamba maneno yalikuwa yake, na jina langu halikuandikwa popote.

Alifikishwa mahakamani akatozwa faini, akaamriwa kulipa fidia ya Wendelin yote kama sheria inavyotaka, akauza msumeno pamoja na nusu ya kiwanja, na katika mafundi waliokuwapo walibaki watatu tu, ambao kila mmoja alipewa barua ya ajira na kuandikishwa kwenye mfuko, na wale waliopunguzwa walipewa notisi na haki zao, lakini haki si sawa na kazi, na wapo kati yao waliosema marehemu alinunua usingizi wake kwa ugali wao, na mpaka leo hawakanyagi hapa. Hakuwahi kuwalaumu. Alisema, "Wana haki ya kusema hivyo," basi.

Fidia aliipeleka Sanje mwenyewe, akamwomba Wendelin radhi mbele ya Evelina, akamwomba arudi kazini awe msimamizi wa mafundi, kazi isiyohitaji vidole, na Wendelin akamjibu, "Mzee, fedha napokea kwa sababu ni yangu, lakini karakana ile siwezi kuiingia tena, naomba usiniombe mara ya pili," na marehemu hakuomba mara ya pili.

Kuanzia Septemba 1997 alianza kukohoa, tukadhani ni vumbi la mbao, lakini mwaka 1998, baada ya mafuriko kupungua na njia kufunguka, madaktari walitueleza kwamba mapafu yameharibika sana, akalazwa mara nne, na mwezi uliopita akaniita kitandani akasema, "Siku ile ukisoma, usiwasomee watu historia ya mtu mwingine, soma na lile neno nililosema mbele ya Afisa Kazi," nikamwambia, "Kaka, hiyo ni aibu ya ukoo mzima," akanijibu, "Ni yangu, na nusu ni yako." Alituma pia ujumbe Sanje kwamba angependa kumwona Wendelin, na kila mlango ulipofunguliwa aligeuza shingo, lakini Wendelin hakuja, na marehemu alifariki Jumanne tarehe 9 Machi 1999, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Baba Paroko aliyempa sakramenti, majirani wa Mlabani waliochimba kaburi katika mvua, akina mama wa jumuiya ambao hawajatoka jikoni tangu juzi, na mafundi wake watatu walioranda mbao za jeneza hili bila kuombwa na mtu.

Jana nilimwona Evelina jikoni pamoja na akina mama, akipepeta mchele. Mumewe sijamwona, na usiku wakati naandika haya sikujua kama leo atakuwapo. Wendelin, kama upo kati yetu, nisikilize, na kama hupo, mkeo akufikishie, kwamba karatasi ile mwandiko ulikuwa wangu, uongo ulianzia kinywani mwangu, na kaka yangu aliubeba peke yake hadi kaburini kwa kuwa mimi niliogopa. Mbele ya watu hawa wote nasema kile ambacho ningepaswa kukiandika tangu mwanzo, kwamba wewe, Wendelin, ulikuwa mfanyakazi wetu, fundi seremala, tangu tarehe 6 Mei 1991 hadi tarehe 17 Novemba 1994, na uliumia ukiwa kazini.

Kaka Silvano, nimeisoma yote. Lala salama, Bwana akupe pumziko ambalo hapa hukulipata.