Mwalimu Teofili, Kadi Zake na Baiskeli ya Likunja

Na Prisca Chilumba, mwalimu wa Hisabati

Leo Ijumaa, tarehe 8 Novemba 2024, Mwalimu Teofili Mrope anatimiza miaka sitini ya kuzaliwa na kumaliza miaka thelathini na minne ya utumishi. Kumi na minane kati ya hiyo ameitumia hapa kwetu Nkowe, akifundisha Kiswahili, akisimamia michezo na kutunza maktaba. Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake. Sababu waliyonipa ni kwamba hakuna mwalimu aliyegombana naye kunizidi, kwa hiyo lazima namfahamu vizuri. Nikachukua kalamu.

Mwalimu Teofili alizaliwa Kiegei, wilayani Nachingwea, katika familia ya wakulima wa Kimakua waliohamia pale kutoka upande wa Msumbiji. Mwaka 1990 aliajiriwa kufundisha shule ya msingi hukohuko kwao, akajiendeleza kimasomo taratibu, na mwaka 2006 akahamishiwa shule yetu ilipofunguliwa. Wanaoikumbuka siku ile wanasema alishuka kwenye lori lililobeba mihogo akiwa na begi dogo la nguo, sanduku kubwa la vitabu, na mpira wa miguu ndani ya wavu aliouvaa shingoni. Mkuu wa shule wa wakati huo alimuuliza kama timu yake imetangulia au inafuata nyuma.

Shule ilikuwa na stoo moja tu, nayo ilijaa majembe, ndoo na mifuko ya saruji. Mwalimu Teofili aliomba nusu ya chumba. Haukupita mwezi, majembe yote yalikuwa nje na hakuna aliyeweza kueleza yalitokaje. Humo ndani akapanga mipira na vitabu kwenye rafu moja, akatunga sheria ambayo haijabadilika mpaka leo: anayefuata mpira haondoki bila kitabu, na anayefuata kitabu haondoki bila kitu cha kuchezea. Wachezaji wetu wa netiboli walifika ngazi ya mkoa mwaka 2014 wakiwa na hadithi kwenye mabegi yao. Na wale watoto wanaojificha darasani saa ya michezo wakajikuta uwanjani na kamba ya kuruka mkononi, wapende wasipende.

Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mgonjwa zaidi wa sheria yake. Mwaka mmoja alichezesha mechi yetu na wageni kutoka Nachingwea. Wakati wa mapumziko akakaa pembeni na riwaya aliyokuwa ameibakiza kurasa chache. Mapumziko yale yalichukua dakika ishirini na saba. Wachezaji walipoa, wakapata njaa, wengine wakaanza kula miwa, na refa bado kainamisha kichwa. Mwalimu wa wageni alipokwenda kumkumbusha kwa heshima, aliombwa avumilie kidogo kwa sababu mtu alikuwa anakaribia kukamatwa kwenye sura ya mwisho. Tulifungwa mabao mawili kipindi cha pili na mimi mpaka leo naulaumu mwili kupoa.

Sasa niseme habari ya kadi. Kila Januari, kila mtoto wa kidato cha kwanza hujaza kadi ndogo yenye maswali mawili: unapenda mchezo gani, na unapenda kusoma nini. Mwalimu Teofili huzisoma zote, na nyuma ya kila kadi huandika vitabu ambavyo mtoto huyo anachukua kwa miaka minne. Jibu la "sina" hakulikubali. Mtoto akiandika "sina," yeye huongeza pembeni neno "bado" kwa kalamu nyekundu, kisha humtafuta mtoto huyo muhula mzima hadi jibu lipatikane. Walimu nao tulijazishwa. Mimi kwenye mchezo niliandika kulala, na kwenye kusoma nikaandika majibu ya mitihani. Akanirudishia kadi yenye "bado" mbili.

Januari 2021 alijaza kadi binti mmoja anayeitwa Amna Likwanda. Kwenye mchezo aliandika: baiskeli. Kwenye kusoma aliandika: karatasi za dawa ya mikorosho. Tulicheka sana ofisini, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa. Nilisema baiskeli ni usafiri, si mchezo, na karatasi ya dawa mtu haisomi, anaitupa. Mwalimu Teofili hakucheka. Alituuliza nani kati yetu wiki ile alikuwa amesoma kitu chochote kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho. Tukarudi kwenye kusahihisha madaftari.

Alimwita Amna, akamsikiliza, kisha akatueleza. Binti anaishi na mama yake kata ya Likunja, kwenye mji wa mjomba wake, Ismaily, mkulima wa korosho. Mjomba macho na kusoma vyote vinampa shida. Tangu darasa la tano Amna ndiye anayemsomea vipimo: dawa kiasi gani kwa maji kiasi gani, ipulizwe lini, mtu ajifunike nini usoni. Akikosea mstari mmoja, maua ya mikorosho yanaungua na mwaka wa familia umekwisha. Kwa hiyo kila mstari anausoma mara tatu. Mwalimu Teofili alisema katika maisha yake yote hajawahi kupokea msomaji mwangalifu kama huyo. Niliona aibu, na sioni sababu ya kuificha leo.

Na baiskeli? Kutoka kwao hadi shuleni ni mwendo wa saa nzima kwa baiskeli, saa tatu kwa miguu. Hosteli yetu ya wasichana ilikuwa imejaa, na habari ya kupanga chumba mama yake hakutaka hata kuisikia. Baiskeli yenyewe ni ya mjomba. Binti aliipenda safari ile. Alikuwa akishindana na bodaboda kwenye miteremko na kuzishinda. Mwalimu Teofili alimwanzishia vijitabu vya kilimo, akampandisha kwenye vitabu vya mimea, halafu safari za wavumbuzi, halafu riwaya. Alipofika kidato cha tatu kadi yake ilikuwa imejaa nyuma na kubanwa pamoja na kadi ya pili.

Kwa ajili ya Amna na wengine wa aina yake, mwaka 2022 zilianzishwa mbio za baiskeli za shule. Kwa kuwa mwanzilishi ni Mwalimu Teofili, katikati ya njia kuliwekwa meza. Kila mwendeshaji alitakiwa ashuke, asome ukurasa mmoja, ajibu swali, ndipo aendelee. Hakimu wa meza nilikuwa mimi. Huzaifa, kijana mwenye miguu ya chuma, alifika wa kwanza akasoma ukurasa ule mara nne huku wenzake wakimpita mmoja mmoja. Amna alifika wa sita, akajibu bila kuvuta pumzi, akamaliza wa pili. Wa kwanza alikuwa binti wa kidato cha nne ambaye nashuku alikuwa anaujua ule ukurasa kwa kichwa. Mwaka uliofuata Huzaifa alionekana kila siku stoo akifanya mazoezi ya kusoma.

Haya yote ni ya kuchekesha, lakini mwaka huu hatukucheka. Wiki ya kwanza ya Oktoba Amna hakuonekana. Siku ya tatu dereva wa bodaboda alituletea salamu zake: korosho zimeiva, mjomba anaihitaji baiskeli kubebea magunia hadi ghala la chama cha msingi cha ushirika, na yeye atarudi shule msimu ukipungua, katikati ya Novemba. Mtihani wa kidato cha nne unaanza tarehe 11 Novemba. Binti aliyesoma kadi mbili zikajaa alikuwa anaelekea kuukosa mtihani wa mwisho kwa sababu ya magurudumu mawili.

Mwalimu Teofili aliomba ruhusa siku hiyohiyo, akapanda gari hadi Nachingwea mjini anakoishi baba yake Amna, Mzee Mohamedi, fundi wa cherehani. Alipokewa vizuri mno. Akachinjiwa kuku. Baba alikubali kila kitu: mtoto atarudi, baiskeli atapewa, asiwe na wasiwasi. Mwalimu alirudi ametulia, akatutangazia kwamba Jumatatu Amna atakuwa darasani.

Jumatatu Amna hakuja. Jumanne vilevile. Ndipo nilipomuuliza Mwalimu Teofili alikuwa amezungumza na nani hasa. Akajibu, na baba mzazi. Jamani, mtu wa Kiegei, Mmakua wa kuzaliwa, aliyelelewa na wajomba zake mwenyewe, anaacha kwenda kwa mjomba anakwenda kwa baba. Kwa familia kama ya Amna mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Baba atakukaribisha, atakulisha, atakubali kwa moyo safi, na hakuna kitakachosogea. Sote tulilijua hilo na yeye analijua kutuzidi. Hofu ya muda kuisha ilikuwa imemchanganya. Alijipiga kofi la paji la uso na kuchukua baiskeli yake.

Likunja hakupata kuku. Mjomba Ismaily alikuwa tayari amesikia kwamba mwalimu amempita nyumbani kwake akaenda hadi Nachingwea, na alimwacha akae kwenye mkeka peke yake kwa muda wa kutosha kuijua maana yake. Mwalimu Teofili aliomba radhi. Hakujitetea. Aliomba radhi mara ya pili mbele ya mama yake Amna, ndipo maji ya kunywa yakaletwa. Mjomba akaeleza kwamba hapingi shule; asingempa mtoto baiskeli yake miaka minne kama angekuwa anapinga. Ila mgongo wake haufai tena kwa kubeba, korosho zimelala uani, mawingu yanajikusanya, na korosho ikinyeshewa inashuka daraja. Kama mwalimu ana njia nyingine, aiseme. Mwalimu Teofili aliuliza magunia ni mangapi.

Jumamosi iliyofuata, kwa ruhusa ya mkuu wa shule na wazazi, baiskeli kumi na nane zilitoka Nkowe kwenda Likunja. Walikuwa walewale waendeshaji wa mbio, pamoja na Huzaifa aliyekwisha kumaliza shule mwaka jana na kuja kwa hiari yake. Kila keria ilifungwa nusu gunia. Mbele yao wote alikuwa mwalimu wa miaka sitini kasoro wiki chache, kofia imegeuzwa nyuma, anapanda kilima kwa kusimama juu ya pedali. Mimi nilipakiwa nyuma ya baiskeli ya Huzaifa na dumu la maji mapajani, nikalalamika njia nzima, na sijafurahi hivyo miaka mingi. Hadi adhuhuri ua wa mjomba ulikuwa mtupu. Jumamosi mbili zilizofuata tulirudi kubeba zilizookotwa kati ya wiki.

Jumatatu baada ya safari ile ya kwanza Amna aliingia getini saa moja na dakika kumi, jasho likimtiririka, na mkononi ana kitabu alichokuwa amekaa nacho nyumbani, ili akirudishe. Mwalimu Teofili alikuwa zamu. Aliandika jina la kitabu nyuma ya kadi, akampa kingine, akaingia stoo na kufunga mlango. Tuliokuwa karibu tulijua analia, na tulimwacha. Tangu siku hiyo Amna hajakosa hata kipindi kimoja.

Funguo za stoo anakabidhiwa Mwalimu Eliudi, ambaye ameonywa kwamba majembe yasirudi. Mwalimu Teofili anarudi Kiegei kwa mkewe, Mama Silvanus, aliyemvumilia mume anayesoma hata akiwa anakamua nazi. Mama, tunakushukuru kwa kutuazima mtu wako muda wote huu. Mwalimu, tunakushukuru kwa mipira, kwa vitabu, na kwa kutotuacha tuwacheke watoto.

Neno la mwisho ni kwa wageni. Kati yenu leo yupo mzee mwenye kanzu, atakayeketi safu ya mbele kando ya Mwalimu. Huyo ndiye Mjomba Ismaily. Alipoalikwa tulitaka kumtumia bodaboda, akakataa. Akatujulisha kwamba ataondoka Likunja mara tu baada ya sala ya alfajiri na atatembea saa zote tatu, kwa sababu baiskeli ni ya Amna mpaka mtihani uishe, na leo binti anaihitaji kuwahi kipindi cha marudio. Tafadhali mpisheni apite, miguu yake ina vumbi. Na wewe Mwalimu Teofili, kaa naye, pumzika, uzee wako uwe na nguvu na nyumba yako iwe na amani. Jumatatu saa mbili asubuhi Amna anafungua karatasi yake ya kwanza.