Fremu Tupu Kwenye Ukuta wa Halla

Wasikilizaji wapendwa wa Kibondo, Kasulu na Kakonko, na nyinyi mnaonisikiliza mkiwa shambani Kumsenga, mwakeye! Naanza kwa kujisifu, mnisamehe, nisipojisifu naumwa. Redio hii haijawahi kumfungia mtu mlango. Hajazaliwa mtu aliyekuja hapa na tangazo la kumtafuta mwenzake akarudi nalo mfukoni. Hajazaliwa! Nasema mimi, Godson.

Leo tunamkumbuka Stanislaus Manirambona. Narudia: Stanislaus Manirambona, mchezaji wa kikapu. Alifariki mwezi uliopita huko Ufini, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka thelathini na tisa. Dada yake, Esteri, amekuja kutoka Kumsenga. Yuko nami hapa studio.

Stanislaus alikulia kambi ya wakimbizi, si mbali na hapa. Mpira wa kikapu aliujulia kwenye ukuta wa ghala la mahindi. Mlinzi wa ghala lile, mzee Kipriani Nsengimana, ndiye aliyempa mpira wa kwanza, akapigilia ringi ya baiskeli pale. Aliipigilia juu, chini tu ya paa. Ukirusha mpira juu, unagonga bati. Kwa hiyo Stanislaus akajifunza kurusha bapa, kama saidia fundi anayemtupia mwenzake tofali. Ukuta, ringi, ndani.

"Ukigonga bati unaanza upya," anakumbuka Esteri. "Kaka yangu analia, mzee anamwambia, 'Lia, lakini rusha.'"

Akiwa na miaka kumi na saba, familia ikapelekwa Ufini, mji mdogo wa kaskazini; Esteri akabaki huku. Mji huo una timu ya kulipwa, inaitwa Halla. Sasa nyinyi wa Simba na Yanga tulieni kidogo, na wenzenu wana historia. Halla ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha mbao mwaka 1962. Walichezea ndani ya banda la mbao, maana nje theluji inafika kiunoni. Wakapanda ligi kuu. Wakachukua ubingwa mara mbili. Halafu kiwanda kikafungwa, wachezaji wazuri wakaondoka, Halla ikabaki kuburuza mkia.

Hapo ndipo alipoingia Stanislaus. Wenzake wakamcheka, eti huyu anarusha mpira au anafukuza mbuzi? Kocha akamfundisha upya. Mtindo mpya haukumkaa. Msimu mzima alipasha benchi moto.

Ikaja mechi ya mwisho. Halla wakifungwa wanashuka daraja. Wapo nyuma kwa pointi moja, wachezaji wawili wametolewa kwa makosa. Stanislaus akaingizwa kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Mpira ukamfikia sekunde ya mwisho.

"Aliniambia aliliona lile bati," anasema Esteri. "Akarusha vile vile kama ghalani."

Ubao, ringi, ndani. Halla wakabaki ligi kuu. Stanislaus akawachezea misimu kumi na mmoja.

Halla wana desturi moja, nami naipenda. Kila mchezaji anayestaafu anawekewa fremu mbili ukutani. Ya kwanza ni picha yake. Ya pili ni picha ya mtu wa kwanza kumpa mpira. Rais wa klabu haingii pale, wala mfadhili. Ya Stanislaus ipo. Ya pili ni fremu tupu. Hakuwa na picha ya mzee Kipriani. Alijua tu kwamba mzee alihamia Kasulu.

Mwaka 2019 akaja nyumbani kumtafuta, kwa siku nne tu. Akaja moja kwa moja kwenye redio hii. Sisi watu wa huku, tangu enzi za kambi, tunatafutana kwa redio. Ameshika karatasi yenye tangazo. Akatoka nayo. Nasema, akatoka nayo! Hata mimi nimelijua hili leo asubuhi, na bado nimeanza kwa kujisifu kwa mazoea; majigambo yangu yamegeuka nyongo mdomoni.

"Alikutana na kijana mmoja pale mlangoni," anaeleza Esteri. "Akamwambia, 'Kaka, hapa tunatangaza mpira wa miguu. Huo wa mikono wapelekee akina mama wa netiboli.' Watu wakacheka. Akaongeza, 'Na huyo mzee wako, kwa urefu wako huo, si atadhani ni mnara wa simu umemtembelea?' Wakacheka tena. Kaka yangu naye akacheka, kwa adabu. Akaondoka."

Kasulu, wasikilizaji! Kasulu hapo! Mzee Kipriani alikuwa hai. Binti yake, Kezia, anasema baba yake alisikiliza redio hii kila mchana. Alifariki miaka miwili baadaye, hajui kwamba kuna ukuta Ulaya unamngoja. Na leo ofisi zinashindana kuleta rambirambi: "Mtoto wetu wa Kibondo." Wenu tangu lini? Alipokuwa hai mlimwita mkimbizi!

Huyo kijana wa mlangoni namtaka. Aje hapa, amtazame dada Esteri machoni.

Familia ya Manirambona, familia ya Nsengimana, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na wewe unayenisikiliza, jiulize leo: ni nani alikuja kwako na shida, ukampa kichekesho?

Ngojeni. Fundi mitambo wetu, dada Josephina, anagonga kioo. Amewasha kipaza sauti chake.

"Godson."

"Dada, tuko hewani."

"Najua. Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Ile ya mnara wa simu uliisema wewe. Nilikuwepo. Nami nilicheka."

Wasikilizaji, mimi... dada Josephina, mbona sikumbuki?

"Utakumbukaje? Siku hiyo ulichekesha watu tangu asubuhi."

Dada Esteri, wewe ulijua?

"Ego, nilijua. Kaka yangu alikuwa anaiga sauti yako. Nimekaa hapa nione kama utakumbuka mwenyewe."

Dada...

"Acha. Fremu bado tupu, na Kezia hana picha ya baba yake. Labda yuko mtu huko Kasulu anayo. Tangazo langu hili hapa. Lisome, na usiongeze neno lako."