Bi Povu, Mashine Yake na Samaki Aliyekosa Tangi

Tarehe 30 Juni, mwenzetu Bi Povu anastaafu baada ya kuutumikia ukumbi huu wa samaki kwa miaka thelathini na moja. Jina lake halisi lipo, na mhasibu anasema ni zuri, ila hatuna mazoea nalo.

Alianza kwa kukata tiketi mlangoni. Alihamishiwa kwenye matangi ilipogundulika kwamba foleni haisogei, maana kila mtoto aliyeuliza samaki wanalala vipi alipewa jibu lote. Huko nyuma ya tangi kubwa la matumbawe akakutana na kipenzi cha maisha yake, yaani mashine ya povu. Mume wake ana habari, na ameshasamehe.

Kwa msioijua, ni mtungi mrefu unaopuliza vipovu kwenye maji ya chumvi. Uchafu wa samaki unanata kwenye povu, povu linapanda na kumwagikia kikombe cha juu. Harufu ya kikombe hicho imewahi kumaliza mkutano. Bi Povu alikinusa kila asubuhi kama mpishi anayeonja mchuzi, kisha akatutangazia hali ya tangi. Hatukuwahi kumpinga, kwa kuwa kumpinga kulitaka na wewe unuse.

Mtu pekee aliyembishia ni Mzee Ndoo, mtunza tangi dogo la upande wa pili. Yeye hushikilia kwamba mashine ni makelele tu. Mawe ya bahari yenye vijidudu vinavyosafisha maji, samaki wachache na ndoo ya maji mapya kila wiki vinatosha. Bi Povu humwita kaka na kumjibu kwamba anafuga mawe. Miaka yote ubishi huo ndio umekuwa kitafunio cha chai yetu.

Kuna siku Bi Povu alinyamazishwa. Tulikuwa na mgeni rasmi, na Bi Povu kwa heshima ya mgeni akasugua ndoo zake kwa sabuni. Masalia yakaingia tangini, mashine ikapandwa na wazimu. Povu likapita chini ya mlango, likavuka ukumbi taratibu na kufunika viatu vya mgeni, aliyekuwa katikati ya hotuba kuhusu usafi. Mzee Ndoo alileta maji mapya na kuwaokoa samaki wote, ingawa ilimbidi kwanza akae chini amalize kucheka.

Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa sahihi. Tangi la Mzee halikuhitaji mashine kwa sababu Mzee anajua kukataa. Bi Povu hajui. Kila anayehama nyumba huja na samaki wake kwenye ndoo, na Bi Povu husema basi, mwache tu. Tangi lenye mlango wazi namna hiyo, bila mashine, lingegeuka supu.

Ndiyo maana mwezi huu haukuwa wa kucheka. Tangi lake limechakaa, linavuja, na linafungwa akiondoka. Samaki wengine walipata kwa kwenda. Akabaki Mjomba, samaki mzee wa njano mwenye nusu mkia, anayekula kwa niaba ya watatu na kumjua Bi Povu kwa mwendo. Hakuna aliyemtaka. Bi Povu akamfuata Mzee Ndoo, safari hii bila utani. Mzee akamwambia hapana, dada, huyo atanichafulia maji na matumbawe yangu yatakufa. Kwa mara ya kwanza Bi Povu hakubisha. Siku hiyo chai yetu haikuwa na kitafunio.

Jumatatu tulimkuta Mzee Ndoo amepiga magoti nyuma ya tangi lake, akiifunga mashine ya Bi Povu huku akiyatukana mabomba yake. Mjomba alikuwa ameshahamia, anakagua mawe kama mwenye nyumba. Mzee anasisitiza kwamba ni kwa muda tu, mpaka samaki huyo afe. Samaki wa aina hiyo huishi miaka mingi, na Mzee anajua.

Bi Povu, asante kwa kutofunga mlango. Nenda ukapumzike, ulale mpaka jua likuchoke, na siku zako ziwe nyepesi kama lile povu. Usiwe na wasiwasi na huku. Leo asubuhi tumemwona Mzee akikitoa kikombe, akatazama kushoto, akatazama kulia, akanusa.